Kukata na kuunga bodi za mabehewa ya plastiki: mwongozo kamili kutoka Mtwara

Wengi wanaoanza kukata na kuunga mabehewa ya treni ndogo za mezani, ili kuyarefusha au kuyafupisha, huharibu kazi kabla hata ya kushika msumeno. Wanapima urefu wanaoutaka, wanachora mstari, wanakata. Wakishaunga ndipo wanagundua dirisha moja limebaki nusu, au nguzo kati ya madirisha mawili imenenepa kuliko wenzake. Hapo hakuna msasa wala rangi itakayokuokoa, maana jicho la mtu huhesabu madirisha hata kama mwenyewe hana habari kwamba anahesabu. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye hesabu, kisha kwenye gundi. Kukata kwenyewe ni kazi ya dakika ishirini.

Hapa Mtwara treni ya abiria ni hadithi ya wazee. Waingereza walijenga Reli ya Kusini kwa ajili ya mradi wao wa karanga baada ya Vita Kuu ya Pili, wakaipeleka hadi Nachingwea. Karanga zilikataa, mradi ukavunjwa 1951, reli ikajikongoja mpaka 1962 ikafungwa, na vyuma vikang'olewa. Mimi nimezaliwa Mikindani miaka mingi baada ya hapo, na treni yangu ya kwanza niliiona Dar es Salaam nikiwa mtu mzima. Nyumbani nina meza yenye reli mbili: moja ya Kimarekani, kwa sababu bodi zinazopatikana mitumba nyingi ni za Kimarekani, na nyingine ya njia nyembamba, ya kuikumbuka ile ya kusini. Njia ninayoieleza hapa inazilisha zote mbili kwa mkupuo mmoja: bodi mbili zinakatwa, zinatoka bodi mbili nyingine, moja ndefu na moja fupi, na hakuna kipande kinachotupwa.

Neno kuhusu maneno. Watu wengi husema "bogi" wakimaanisha behewa zima. Mimi hapa nitasema behewa kwa behewa, bodi kwa lile ganda lake la plastiki, na kitoroli kwa kile kigari cha chini chenye magurudumu manne.

Jua plastiki yako kwanza

Kuunga kunakoelezwa na mwongozo huu ni kwa kuyeyusha: plastiki ya upande huu na ya upande ule zinalainishwa, zinashikana, zinakuwa kitu kimoja. Hilo linawezekana kwa polistirini na kwa ABS, ambazo ndizo bodi nyingi za treni ndogo. Haliwezekani kwa polipropilini, ile ya vifuniko vya chupa na makopo ya majarini, wala kwa polithini. Ukiweka gundi ya kuyeyusha juu ya hizo ni kama umemwaga maji juu ya jani la mgomba.

Kwa bodi yenyewe huna haja ya kujua jina. Geuza ndani, mahali pasipoonekana, weka tone la kiyeyusho chako (gundi nyepesi au thina, nitavieleza mbele), hesabu hadi thelathini, gusa kwa kijiti. Pakinata, utaunga. Pakibaki pakavu na gumu, weka pembeni bodi hiyo.

Kazi ngumu ni kutambua vipande vya kuokoteza utakavyotumia kama viraka. Hapo mimi natumia bakuli mbili. Ya kwanza ina maji ya bomba na tone la sabuni, sabuni ikizuia mapovu kushika kipande na kukielesha kwa uongo. Ya pili ina maji yaliyokorogwa chumvi, gramu 300 kwa lita moja, chumvi ya kawaida ya pwani. Kata kipande kidogo, kizamishe kwa kidole, kiache. Kikielea kwenye maji matupu, ni polipropilini au polithini, hakifai. Kikizama kwenye maji matupu lakini kikaelea kwenye ya chumvi, mara nyingi una polistirini au ABS mkononi. Kikizama kote kuwili, mara nyingi ni PVC, ile ya mabomba, nayo ina gundi yake nyingine. Sababu ni uzito: polistirini ina takriban gramu 1.05 kwa sentimita ya ujazo, maji gramu 1, na maji yale ya chumvi karibu 1.17. Usijaribu kwa maji ya bahari ukadhani umeokoa chumvi. Yana gramu 1.03 tu, na polistirini itazama humo humo.

Makasha magumu ya CD ni polistirini. Vijiko vingi vya plastiki vya kutupa, vile vinavyokatika kwa mlio wa "tak", pia. Hata lile povu jeupe la ndani ya boksi la televisheni ni polistirini iliyojazwa hewa.

Vifaa

Msumeno mwembamba ndio wa kwanza. Msumeno wa wembe wa mafundi wa modeli hula takriban mm 0.3 na ukiwa nao umemaliza. Usipokuwa nao, msumeno wa sonara wenye uzi mwembamba unafanya vilevile, ila uzi hukatika ukiukunja, kwa hiyo nunua dazeni. Bleidi ya msumeno wa chuma ya meno 32 kwa inchi ni ya dharura tu: inakula karibu mm 1, na hesabu nitakazotoa itabidi uzibadili. Grinda ya umeme usiilete mezani kabisa. Inachemsha plastiki, na badala ya kukata inaacha ukingo wenye uvimbe.

Mengine ni ya kawaida: rula ya chuma, skwea ndogo ya seremala, kisu cha kukatia karatasi chenye bleidi mpya, tupa bapa ndogo, msasa wa namba 240, 400, 600 na 1000, tepu ya karatasi ya wapaka rangi, vibanio vya nguo, raba bendi, brashi nyembamba ya nywele (ya nailoni huweza kuharibika), na kipande cha kioo cha dirisha kama sentimita 20 kwa 40. Kioo ndicho kitu kilichonyooka kuliko vyote ndani ya nyumba, na gundi haishiki juu yake.

Utahitaji pia kibao cha msasa kisichopinda. Mimi nimebahatika: jirani yangu mchonga vinyago alinipa kipande cha mpingo cha ukubwa wa boksi la kiberiti refu, kimerandwa pande zote. Mpingo ni mzito hadi unazama majini, haulegei masika wala kiangazi. Alipokuja kuniona nikisukuma msumeno kwa nguvu aliniambia, "Mwanangu, kifaa kikali hakisukumwi, kinaongozwa." Nikamkubalia kwa kuudhika, kwa sababu nilikuwa nimeshavunja nguzo mbili.

Hesabu ya madirisha

Bodi zangu ni za kipimo cha 1:87 (mm 1 ya bodi ni mm 87 za behewa halisi), kila moja mm 252. Behewa halisi la Kimarekani la futi 85 lingekuwa mm 298 kwa kipimo hicho, lakini watengenezaji wengi walilifupisha hadi futi 72 ili lipite kwenye kona kali za reli za sebuleni. Mtu akitaka kulirudishia urefu wake atasema: ongeza mm 46. Ndipo anapoharibu.

Pima kutoka katikati ya dirisha moja hadi katikati ya linalofuata. Kwangu ni mm 18: dirisha mm 12, nguzo mm 6. Hii ndiyo hatua ya behewa, na urefu unaweza kuongezeka kwa hatua nzima tu. Mbili ni mm 36, tatu ni mm 54. Hakuna 46. Nikichagua mbili napata mm 288, ambayo ni futi 82 na ushei. Nani atakuja na rula kudai futi tatu zilizopungua? Madirisha yakiwa sawa, behewa liko sawa.

Bodi yangu ina madirisha 11, ambayo ni mm 198, na kila ncha ina mm 27 za mlango na ukuta. Jumla 252. Ndefu itakuwa na madirisha 13, na fupi itabaki na 9. Bodi ya kwanza niite A, ya pili B, zote zimetazama upande mmoja, na tunahesabu kutoka kushoto. Kutoka A nachukua ncha ya kushoto na madirisha 7. Kutoka B nachukua madirisha 6 ya mwisho na ncha ya kulia. Hilo ni behewa refu. Mabaki ni ncha ya kushoto ya B na madirisha 5, pamoja na madirisha 4 ya A na ncha yake ya kulia. Hilo ni fupi, mm 216, sawa na mita 18.8 za behewa halisi.

Sasa wapi hasa msumeno upite? Wengi hukata katikati ya nguzo. Si kosa, lakini mshono unakaa katikati ya uso laini kuanzia juu hadi chini, na ukila nusu milimita kwa msasa nguzo inakonda ikaonekana. Mimi nakata kwenye ukingo wa dirisha, nguzo nzima ikibaki upande wa kushoto. Mshono ukipanda kutoka chini unafika kwenye dirisha na kupotea, kisha unatokeza tena juu ya dirisha kwa milimita chache tu. Kama msumeno au msasa umekula kidogo, kilichopungua ni uwazi wa dirisha moja, mm 11.5 badala ya 12, na hakuna atakayeona.

Kwa hiyo A inakatwa mm 156 kutoka kushoto (27, na 7 mara 18, na nusu ya nguzo ambayo ni 3). B inakatwa mm 120. Hakiki: 156 na 132 zilizobaki kulia kwa B ni 288. Na 120 za kushoto kwa B pamoja na 96 za kulia kwa A ni 216. Usianze kukata kabla hesabu ya namna hii haijafunga pande zote mbili. Kama bodi yako ina mstari wa mabati au safu ya ribiti (vile vinundu vya kuungia mabati) karibu na hapo, fuata huo, kwa sababu mtengenezaji amekuchorea mshono tayari.

Ubaya wa njia yangu ni mmoja: vipande vya kulia vinabaki na pembe mbili zilizochomoza, ya juu na ya chini ya dirisha lililofunguka, kama mdomo wa mamba. Pembe ya juu ni nyembamba na inavunjika. Aliyewahi kubangua korosho anajua tofauti ya bei kati ya nzima na vipande. Shika kwa mkono mwepesi huo huo wa kubangulia.

Paa, kama limetengana na bodi, lisikatwe mahali pale pale. Mimi napeleka mshono wa paa mm 36 mbele: paa la A mm 192 kutoka kushoto, la B mm 156. Jumla zinabaki zile zile, na paa linakuwa daraja juu ya mshono wa ukuta. Mshono wa ukuta, wa paa na wa sakafu vikikutana mstari mmoja, behewa litakatikia hapo siku likianguka.

Kukata

Chonga kibao cha mbao laini kiingie ndani ya bodi kwa kubana kidogo, ili kuta zisicheze. Zungusha tepu ya karatasi kuizunguka bodi, ukingo wake ukiwa juu ya mstari wa kukata, na hakikisha kwa skwea kila upande. Tepu ikizunguka na kurudi kukutana na mwanzo wake bila kupishana, uko wima. Ikipishana hata nusu milimita, itoe uanze upya.

Kwanza pitisha kisu kwa wepesi mara tatu nne kando ya tepu, mpaka kuwe na mfereji. Msumeno utakaa humo wenyewe. Kisha kata upande mmoja tu hadi ndani, geuza bodi, kata upande wa pili, na mwisho juu. Usikate kutoka upande hadi upande kwa mara moja kama unakata mkate. Msumeno huhama njia bila wewe kuona, na upande wa pili unatokea mm 2 pembeni. Njia ya msumeno iwe ndani ya uwazi wa dirisha, usiguse nguzo. Ukiwa na haraka, weka msumeno chini ukanywe chai.

Ukingo uliokatwa una manyoya. Yatoe kwa kisu, kisha bandika msasa wa 240 juu ya kioo, simamisha kipande wima ukikiegemeza kwenye skwea, na usugue kwa mizunguko midogo, mara tano tu, uangalie. Weka vipande viwili uso kwa uso na uinue kwenye mwanga wa dirisha. Mwanga ukipenya mahali pamoja, sugua pale palipogusa, si pale penye uwazi. Hili la mwisho linachanganya kila mtu mwanzoni.

Gundi, na subira

Gundi maalumu ya plastiki, ile nyepesi kama maji, ndiyo bora ukiweza kuagiza. Mtwara siipati, kwa hiyo natumia thina ya rangi za magari. Hiyo ina viyeyusho vinavyolainisha polistirini, ila chapa hazifanani, na kopo la leo si lazima liwe sawa na la mwezi uliopita. Jaribu kila kopo kwenye kipande cha takataka. Tapentaini na mafuta ya taa haviungi. Asetoni ya kufutia rangi ya kucha inafaa kwa ABS lakini polistirini inaifanya iwe tope jeupe lenye nyufa. Supaglu inashika haraka, lakini ni gumu kuliko plastiki inayoizunguka, na ukisugua kwa msasa plastiki inaliwa na gundi inabaki kama kidonda kilichopona vibaya.

Mvuke wa thina si mchezo. Fungua madirisha yote. Jiko la mkaa liwe nje na mbali, na ile dawa ya mbu ya kuchoma izimwe, kwa kuwa ina moto hata kama huuoni. Weka thina kwenye chupa ndogo ya kioo yenye kifuniko, iandike kwa wino mkubwa, na kamwe isiwe chupa ya soda au ya maji ya kunywa ndani ya nyumba yenye watoto. Kwa joto letu hukauka kabla brashi haijafika, hivyo fanya kazi alfajiri au usiku, na chupa ikae ndani ya bakuli la maji baridi.

Andaa viraka: vipande vya polistirini unene wa mm 1, upana mm 15, viwili kwa kila ukuta, kimoja cha chini ya dirisha na kingine cha juu. Vitakaa kwa ndani, nusu yake upande huu wa mshono na nusu upande ule. Hivi ndivyo vinavyobeba nguvu yote; mshono wenyewe kwa ukuta wa mm 1.5 ni wa uzuri tu. Viunge kwanza kwenye kipande cha kushoto, vichomoze nusu, uviache usiku kucha. Kabla ya hapo hakikisha haviingii mahali pa vioo vya madirisha wala pa ulimi wa sakafu. Mimi niliwahi kusahau la pili, nikalazimika kuchonga sakafu kama kinyago ili iingie.

Siku ya pili laza vipande vyote viwili juu ya kioo, upande wa chini ukigusa kioo, ubavu mmoja ukiegemea kibao kilichonyooka. Vikutanishe bila gundi kwanza. Weka rula kwenye kizingiti cha madirisha: mstari upite bila kupanda wala kushuka. Vikikaa vizuri, chovya brashi, gusa mshono kwa ndani, na uangalie thina ikikimbia yenyewe kwenye ufa kama maji kwenye mkeka. Usipake kwa nje. Gusa vivyo hivyo kwenye ukingo wa viraka. Hesabu hadi kumi, kisha sukuma vipande vikutane kwa nguvu ya vidole viwili mpaka kwa nje utokeze utepe mwembamba wa plastiki laini, kama ute. Ute huo ni dalili njema, maana umejaza mshono kwa plastiki yenyewe. Usiufute! Usiuguse kabisa, alama ya kidole ikiingia humo haitoki.

Bana viraka kwa vibanio vya nguo, zungusha raba bendi mbili kwa urefu, si za kukaza sana, tazama bodi kutoka nchani kwa jicho moja kuona haijapinda kama mtumbwi wa mwembe, na uondoke. Namaanisha uondoke chumbani. Kila aliyebaki aliishia kugusa.

Kisha ngoja siku tatu. Najua baada ya saa mbili itaonekana imeshika. Lakini kiyeyusho bado kiko ndani ya plastiki kinatoka taratibu, na kikitoka plastiki inanywea. Behewa langu la pili nililisugua siku ya kwanza, likawa laini kama yai, nikalipaka rangi. Baada ya wiki mbili ukatokeza mfereji wima katikati ya ukuta, palepale kwenye mshono, kana kwamba mtu ameuchora kwa penseli. Nililibandua rangi nikaanza upya.

Kuziba palipobaki

Baada ya siku tatu kata ute kwa kisu kilicholazwa karibu bapa, kisha msasa wa 400 uliozungushwa kwenye kibao, halafu 600 na maji, halafu 1000. Tumia kibao daima. Kidole hufuata mabonde badala ya kuyaondoa.

Kama kuna shimo, tengeneza uji wa plastiki. Katakata vipande vidogo vya takataka za bodi ile ile, vitumbukize kwenye chupa ndogo yenye thina, acha hadi kesho. Ukorogo uwe mzito kama asali. Paka kidogo kwa kijiti cha meno, ukizidisha kimo kidogo kuliko ukuta, na ungoje siku tatu tena. Uji wa plastiki ile ile unashika rangi kama ukuta wenyewe. Lile povu la boksi la televisheni pia linayeyuka ndani ya thina, linafurahisha watoto kulitazama, lakini uji wake unabaki na vipovu, siupendi. Fila ya magari inafaa kwa paa, kwenye mashimo makubwa, ila kwa ukuta wenye ribiti ni nzito mno.

Ribiti ulizozisugua zinarudi hivi: kwa tone dogo la gundi nyeupe ya mbao kwenye ncha ya pini, moja moja. Macho yatauma.

Sakafu, vitoroli na kona

Kuunga sakafu mbili za zamani ni kupoteza muda. Kata mpya kipande kimoja. Mafundi wa mabango mjini wana mabaki ya akriliki ya mm 2 wanayoyatupa. Hayo yamenyooka na ni magumu. Yafunge kwa skrubu ndogo, si kwa gundi, ili uweze kufungua baadaye.

Nafasi ya vitoroli ndiyo itakayoamua kama behewa lako litapita. Behewa likiwa kwenye kona, katikati yake huingia ndani ya mzingo. Kiasi inachoingia ni umbali kati ya vitoroli, ukiuzidisha kwa wenyewe, kisha ukagawanya kwa mara nane ya nusu kipenyo cha kona. Kwa behewa refu, vitoroli vikiwa mm 200 na kona ya mm 457, ambayo ndiyo ya seti nyingi za kuanzia, unapata karibu mm 11. Nguzo ya kituo iliyokaa karibu na reli itagongwa. Behewa fupi, vitoroli vikiwa mm 130, linaingia mm 4.6 tu, na linapita popote.

Ndiyo maana lile fupi nalihamishia reli yangu ya kusini. Reli ya upana wa mita moja kwa kipimo cha 1:87 ni mm 11.5, na vitoroli vya njia ya mm 12, vinavyouzwa kwa kipimo cha TT (treni ndogo zaidi ya hizi), vinaikaribia vya kutosha. Bodi ya Kimarekani ni pana kidogo kwa njia hiyo. Nimefikiria kuipasua kwa urefu na kuipunguza, nikaacha. Mtu akisimama mezani haioni, na mimi nimejizoesha kutoiangalia.

Uzito nao. NMRA, chama cha Marekani cha wapenda reli ndogo, kinapendekeza kwa kipimo hiki aunsi 1 ya kuanzia na nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Behewa la mm 288 linataka karibu gramu 189, la mm 216 gramu 149. Chubwi za nyavu za wavuvi zinafaa sana, zilaze juu ya sakafu katikati ya vitoroli, nusu mbele nusu nyuma. Ni risasi, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kugusa chakula.

Rangi na vioo

Usipulize rangi masika. Kuanzia Desemba hadi Aprili hewa yetu ina unyevu kiasi kwamba rangi hukauka ikiwa na ukungu mweupe. Subiri kusi, Juni na kuendelea, na upulize asubuhi kabla upepo haujaamka kubeba vumbi. Rangi ya kopo ya magari ina kiyeyusho kile kile cha gundi yako, na ukiipiga nzito itakula bodi. Piga ukungu mwepesi kutoka sentimita 30, ngoja robo saa, rudia. Praima ya kijivu kwanza, maana hiyo ndiyo itakayokuonyesha mshono kama bado upo. Ukiuona, shukuru umeuona sasa, urudi kwenye msasa wa 600.

Vioo vya madirisha nakata kwenye plastiki angavu ya maboksi ya zawadi, nabandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Supaglu usiitumie hapo, mvuke wake hufanya kioo kiwe na ukungu. Vioo viwekwe mwisho kabisa, baada ya rangi, na dirisha lile la mshono lipimwe peke yake, kwa sababu ni jembamba kidogo kuliko mengine na kioo cha kipimo cha wenzake hakitaingia.

Behewa lililokamilika lisiachwe kwenye dashibodi ya bajaji wala dirishani penye jua la mchana. Kabla ya kuliunga na treni lisukume kwa kidole peke yake kwenye kona kali kuliko zote, taratibu, mbele na nyuma. Gurudumu likigusa sakafu utasikia mkwaruzo na utaona alama nyeusi ya duara. Chimba hapo mm 1 kwa tupa, na usukume tena.